Nakala za Marehemu Athanas

Uvumi ule Inspekta Eufrazia Mloka aliusikia kwanza kwa msusi wake, kisha kwa muuza mchicha, kisha kwa dada yake mwenyewe aliyepiga simu kutoka Ifakara kuuliza kama ni kweli. Kila mdomo ulikuwa nao vilevile, haukuongezwa wala kupunguzwa: yule binti wa kompyuta alimnyima usafiri mwanamke aliyeolewa na mchumba wake, ndiyo maana Faraja amekufa.

Mbele ya askari wake aliukataa. Aliwaambia upelelezi haufanyiki saluni. Lakini akirudi mezani na kufungua jalada, aliyoyakuta ndani hayakuwa mbali na yale ya saluni, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

Jalada lilisema hivi. Faraja, mke wa Alois, mkulima wa mdalasini na ndizi kule Kinole, alishikwa na uchungu Jumapili asubuhi. Alikuwa ameandikishwa kwenye huduma ya Fika Salama, inayowatafutia usafiri wajawazito wa vijiji vya milimani. Akabonyeza namba ya huduma kwenye simu, na haikupita muda jibu likaja: "Tulia mama, usafiri unakuja." Wakati huo vijana wa jirani walishafunga machela, wako tayari kumbeba mpaka barabarani. Alois akawasomea ujumbe, akawashukuru, akawarudisha mashambani kwao. Wakangoja. Jua likafika utosini, hakuna pikipiki wala gari. Machela ilipokuja kufungwa mara ya pili, mama alikuwa ameshamwaga damu nyingi. Mtoto alipona. Mama alifia njiani.

Shamimu ndiye aliyekuwa akiitunza mitambo ya Fika Salama. Ndiye pia aliyekuwa mchumba wa Alois kabla ya Faraja. Na kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kwamba wiki chache kabla ya msiba mtu aliingia akamwondoa dereva wa Kinole. Jina la aliyeondoa: Shamimu.

Jalada lilitakiwa kwa mwanasheria wa serikali Ijumaa. Kwa yaliyokuwemo, binti angeshtakiwa kuua kwa kukusudia, kesi isiyo na dhamana. Ilikuwa Jumanne.

Shamimu aliletwa kutoka mahabusu akiwa amejitanda kanga aliyoletewa na mama yake. Aliamkia, akakaa, akaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa, kama mtu aliyeshazoea. Eufrazia alianza na Alois. Binti hakuficha. Walichumbiana, dini ikawatenga, wazee wa pande zote wakakataa, Alois akashuka zake mlimani siku moja kumwambia kwamba anaoa. Yeye alimlilia wiki nzima, akachoka. Faraja, Shamimu hakuwahi kumwona hata kwa picha.

"Dereva wa Kinole ulimtoa wewe?"

"Nilimtoa Castory, afande. Aliacha kazi siku nyingi, kahamia Dumila. Nikamweka Mikaeli. Bosi ndiye aliyenituma."

"Mikaeli anasema Jumapili ile alikuwa kwake, pikipiki ina mafuta, simu iko mkononi. Hapo na kwa Faraja ni kuvuka kijito tu. Hakupata ujumbe."

"Najua. Mmeniambia."

"Basi nieleze."

Shamimu alitazama meza. "Siwezi kueleza kitu nisichokijua. Mimi nilirekebisha pale nilipoonyeshwa. Kwingine hatugusi. Kwingine ni kwa Athanas."

Athanas alikuwa fundi aliyeijenga mitambo ile tangu mwanzo. Alishafariki. Eufrazia alipouliza marehemu anahusikaje na ujumbe wa mwezi uliopita, Shamimu alisema hajui, ila ofisini ndivyo ilivyo. Kisha akaomba jambo moja tu: mama yake aambiwe aache kusimama juani nje ya geti, ana presha.

Siku iliyofuata Eufrazia alikwenda kwenye ofisi ya Fika Salama, ghorofani, karibu na barabara ya kwenda stendi, akiwa na Hafidhi, mtaalamu aliyeletwa kutoka kitengo cha makosa ya mitandao. Meneja, Bwana Thobias, Mluguru wa Mgeta, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, aliwapokea vizuri mno. Aliposikia Hafidhi ni mtu wa Tabora alimshika mkono hakuuachia.

"Mnyamwezi. Babu zenu walibeba pembe mpaka pwani, wewe umepewa kompyuta. Mzigo ni uleule."

"Na nyie mlikuwa juu ya mlima mnatuchungulia tukipita," Hafidhi alimjibu. "Naona mpaka leo mmeshuka nusu."

Watani walicheka. Eufrazia aliwaacha wacheke, kisha akaomba nakala nzima ya msimbo, yaani yale maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya. Thobias alisema hakuna shida, wao hawana cha kuficha, akamwita Janeth, fundi aliyebaki peke yake baada ya Shamimu kukamatwa. Janeth aliuleta bila kumtazama mtu usoni.

Askari wa kwanza aliyepewa kesi hii alikuwa amesoma mstari mmoja tu: ule wenye jina la Shamimu. Hafidhi alisema hiyo ni sawa na kukagua nyumba kwa kutazama kitasa. Alifungua programu yake ya ukaguzi, akaielekeza kwenye msimbo wote, akafuta miwani.

"Hii haijui Shamimu ni nani, afande. Haijui mchumba wala saluni. Inasoma kila mstari. Inasema wapi pamerudiwa, wapi pamesokotwa mpaka binadamu hawezi kufuata, wapi pamekufa na pameachwa palepale. Haisemi nani mbaya. Inasema wapi pabaya."

Ilianza kutoa maonyo. Yalishuka kwenye kioo moja baada ya jingine, na Hafidhi akaacha kuongea.

Alipoanza tena alikuwa anasoma polepole, ili Eufrazia aandike. Sehemu ya msimbo inayochagua dereva haikuwa moja. Zilikuwa kumi na mbili. Zote zilifanana kama watoto wa mama mmoja, tofauti ni neno hapa na neno pale. Ndani yake kulikuwa na sharti ndani ya sharti: kama kuna mvua, na kama ni kijiji cha juu, na kama ni sikukuu, na kama daraja limefungwa. Alisema ni kama nyumba inayoongezwa chumba kila mtoto akioa, mwishowe mgeni akitaka kwenda chooni anapita vyumbani kwa watu. Na juu ya ile sehemu ya kwanza kabisa mtu alikuwa ameandika: Kazi ya Athanas. Isiguswe.

"Kwa nini mtu aandike kitu kimoja mara kumi na mbili?" Eufrazia aliuliza.

"Uvivu, mara nyingi. Mtu ananakili, anabadilisha neno moja, anakwenda kula."

"Siyo uvivu," Janeth alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo. Eufrazia alimwomba Thobias awapishe kidogo. Meneja akasema hiyo ni ofisi yake. Eufrazia akasema anajua, na mlango ni wake pia, aufunge akitoka.

Janeth alieleza kwa sauti ya chini. Athanas alipofariki, Thobias, aliyesoma naye na kutoka naye kijiji kimoja, ndiye aliyeongoza mazishi. Waliporudi mjini aliifunga meza ya marehemu, akafunika kompyuta yake kwa kitambaa, akawaambia wafanyakazi kwamba vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae, wajomba wagawe, na mpwa aliyechaguliwa arithi jina. Ndivyo inavyofanywa kwao, na kwa kiti na koti hakuna aliyeshangaa. Ila Thobias aliuweka na msimbo humohumo. Aliandika yale maneno juu yake kwa mkono wake. Ukoo haukukaa, kulikuwa na ugomvi. Mwaka ukapita, na mwingine. Vijiji viliongezeka, barabara zilibadilika, madereva waliingia na kutoka. Kila fundi aliyeajiriwa, akitakiwa kubadilisha jambo, alinakili kazi ya Athanas pembeni na kubadilisha nakala yake. Ya marehemu ikabaki inafanya kazi vilevile, pamoja na zote zilizozaliwa nayo.

"Hata wewe?" Eufrazia aliuliza.

"Nakala tatu ni zangu," Janeth alisema. "Nilipofika niliambiwa hivyo, nikafanya hivyo. Ungeuliza ungeonekana huna adabu."

Hapa, mzazi unayesoma, usipite haraka. Tukisikia mtoto amepata kazi ya kompyuta, anakaa kwenye kiti, hapigwi na jua, tunashukuru na kulala usingizi. Hatuulizi anakuta nini mezani siku ya kwanza, na nani amekataza kisiguswe.

Hafidhi alikuwa ameendelea. Alizipanga zile sehemu kumi na mbili sambamba kwenye kioo, programu ikamwonyesha kwa rangi zilipotofautiana. Nakala ambayo Shamimu alirekebisha ilikuwa na jina la Mikaeli, kama alivyosema. Hiyo ilishughulikia maombi ya Jumatatu mpaka Jumamosi. Ya Jumapili ilikuwa peke yake, tena ndiyo ileile ya Athanas mwenyewe. Athanas aliitenga kwa sababu Jumapili madereva wa milimani wako misani na simu zimezimwa, kwa hiyo ujumbe ulitakiwa kurudia na kurudia mpaka mmoja abonyeze namba moja, maana yake nimepokea, naenda. Akibonyeza, ndipo mama anapojibiwa atulie.

"Jumapili bado ni Castory," Hafidhi alisema.

Eufrazia alisogea kwenye kioo japo herufi zile hazikumwambia kitu. "Shamimu angejuaje?"

"Kwa macho? Asingejua. Ni maelfu ya mistari. Programu kama hii ingemwambia kabla hajaondoa mkono."

Lakini Eufrazia aliona pengo. Mtu wa Dumila hawezi kwenda Kinole. Akipata ujumbe na asijibu, mama hajibiwi kitu, na mwanamke ambaye hajajibiwa kitu anabebwa kwenye machela mapema. Faraja alijibiwa. Kwa hiyo Jumapili ile kuna mtu alibonyeza moja.

Alimwachia Hafidhi kazi moja, akachukua gari la polisi kwenda Dumila.

Castory hakuwa mgumu kupatikana. Pale njia panda kila mtu alimjua, Mluguru mwembamba mwenye banda la nyanya na vitunguu upande wa mabasi ya Dodoma. Alikuwa anampimia mteja nyanya kwa kopo la sado, akilalamikiwa kwamba ameweka mbovu chini, na yeye anamjibu mama huyo kwamba mbovu ni za kutengenezea supu, ashukuru hajalipishwa. Alipomwona Eufrazia aliamkia na kumwomba amalize na mteja. Eufrazia alisema amalize tu. Hakujitambulisha. Alisimama pembeni ya banda, akatuma neno moja kwa Hafidhi mjini.

Kule ofisini Hafidhi alikuwa ameweka nakala ya mitambo kwenye kompyuta yake, akaidanganya tarehe kwamba leo ni Jumapili, akaomba usafiri wa Kinole kwa simu yake mwenyewe.

Simu ya Castory ililia juu ya kreti. Aliichungulia, akasonya, akabonyeza mara moja kwa kidole gumba chenye maji ya nyanya, akarudi kwenye sado. Hakuacha hata kuongea na mteja.

Simu ya Eufrazia nayo ililia. Hafidhi alikuwa amemtumia alichokipata: "Tulia mama, usafiri unakuja."

Alingoja mteja aondoke, kisha akajitambulisha.

"Umebonyeza nini sasa hivi?"

"Aa, hayo ni makelele ya Jumapili, mama. Sijui leo Jumatano yameanzaje. Yanalia, yanalia, ukibonyeza moja yananyamaza."

"Nani alikwambia ubonyeze moja?"

"Bosi Thobias. Nilimpigia mara mbili nikamwambia nitoeni huko, mimi siko tena, mnanisumbua na biashara. Mara ya pili akacheka, akasema kuna mambo hayawezi kuguswa kwa sasa, we bonyeza moja tu itanyamaza."

"Ulipokuwa dereva, moja ilikuwa na maana gani?"

Castory alitazama simu, akaigeuza. "Naenda. Lakini nilishatolewa, mama. Moja ya mtu aliyetolewa inahesabika vipi?"

Eufrazia alimtajia Jumapili ya msiba, akamtajia jina la Faraja wa Alois, akamwambia kilichoandikwa kwenye simu ya marehemu mara baada ya moja kubonyezwa. Hakuongeza. Castory aliweka sado chini. Basi lilisimama, wauza vitunguu wakakimbilia madirishani, yeye hakusogea.

"Nilituma rambirambi," alisema baadaye. "Nilimpigia Alois nikampa pole."

Alichukuliwa maelezo palepale juu ya kreti. Alisaini bila kuyasoma, na Eufrazia akamlazimisha ayasome.

Alhamisi asubuhi Thobias hakuwa tena na utani. Hafidhi alikuwa amekuta jambo jingine, na aliliweka mezani kabla chai haijaletwa. Ofisi ile ilikuwa na programu yake ya ukaguzi tangu mwaka jana. Wafadhili waliidai, ikawekwa, ikapangiwa kusoma msimbo wote kila Jumatatu. Na kila Jumatatu ilitoa onyo lilelile: sehemu ya kuchagua dereva imerudiwa, badiliko la mahali pamoja halitafika pengine. Kisha kuanzia wiki fulani onyo halikuonekana tena. Halikurekebishwa. Liliwekewa alama ya kupuuzwa.

Alama iliwekwa na Janeth. Janeth alionyesha ujumbe wa simu wa bosi wake uliomwagiza.

"Ulikuwa unaficha nini?" Eufrazia alimuuliza Thobias.

"Sikuwa naficha. Uniulize nilikuwa nazuia nini." Alivua miwani, akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Kila Jumatatu ile mashine inamsema Athanas mbele ya watoto wa juzi. Kazi yake chafu, kazi yake imesokotwa. Mtu nimemvisha suti mimi, nimemfunga taya mimi. Nilisema inyamaze mpaka ukoo ukae, tupate ruhusa, tusafishe kwa heshima."

"Ulishawahi kuuomba huo ukoo ruhusa?"

Thobias alisema mambo ya ukoo hayaombwi kwa simu. Eufrazia akamwomba namba ya mjomba mkubwa wa marehemu, akapiga palepale, akaweka sauti ya wote. Mzee Mikaeli, si yule dereva, alikuwa Mgeta anapalilia karoti. Aliamkiwa, akaitikia, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema wao walikuwa wakigombania shamba la chini la migomba na kitanda cha mninga, na hata hivyo walishapatana, mpwa alishapewa jina tangu Pasaka. Akauliza kwa nini Thobias hakuja, maana aliitwa. Kuhusu kazi ya kompyuta, alisema hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kusikia kwamba Athanas aliacha kitu humo, na kama kimeharibika watu wakitengeneze, wanamwuliza yeye kwa nini.

Thobias alikuwa anatazama dirishani.

"Na Castory alipokupigia?" Eufrazia aliuliza. "Huyo naye alikuwa anamsema marehemu?"

"Nilidhani ni kelele tu."

"Na binti alipokamatwa? Ulijua Jumapili iko kwenye kazi ya Athanas?"

Eufrazia alirudia swali kwa maneno yaleyale. Thobias akasema alihisi. Akasema alitegemea polisi wangeligundua wenyewe. Eufrazia aliandika neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu.

Ijumaa jalada lilikwenda kwa mwanasheria wa serikali likiwa na maelezo ya Castory, ujumbe wa Janeth, na kurasa za Hafidhi zenye nakala kumi na mbili zilizopangwa pamoja kwa rangi. Jibu lilirudi siku ileile kabla ya adhuhuri. Dhidi ya Shamimu hakuna kesi. Dhidi ya Thobias kuna uzembe, na uzembe una dhamana. Alipelekwa mahakamani, akadhaminiwa na wanakwaya wawili, akalala kwake. Binti aliyekuwa hana kosa alikuwa amelala sakafuni muda wote ule.

Alois alikuja kituoni Shamimu akiwa anasubiri kurudishiwa mkanda na viatu vyake. Hawakusalimiana. Alimuuliza Eufrazia nani sasa amemuua mke wake. Eufrazia alimweleza yote kwa mpangilio, marehemu, nakala, Jumapili, moja. Alois alisikiliza kama mkulima anayesikiliza bei ya mdalasini iliyokwisha kupangwa mahali pengine.

"Nitajie mtu mmoja," alisema.

Eufrazia akataja Thobias, akataja Castory, akafika kwa Janeth. Alois akavaa kofia yake, akaondoka.

Huduma ilikuwa bado inaendelea, na Jumapili nyingine ilikuwa kesho kutwa. Janeth alisema kufuta mwenyewe anaogopa, atakata kitu asichokijua. Hafidhi alijua kutafuta makosa, hakujua vijiji. Kwa hiyo Eufrazia alimwomba Shamimu, na akasema wazi kwamba hana haki ya kumwomba.

Shamimu alikuja Jumamosi. Mama yake alikuja naye, akaweka kiti mlangoni, mkoba mapajani, hakumpa Eufrazia mkono. Binti alifanya kazi bila maneno mengi. Aliandika sehemu moja safi ya kuchagua dereva, yenye orodha moja ya madereva, Jumapili ikiwa humohumo. Masharti aliyavunja akayapa majina ya kawaida: mvua, daraja, misa. Kisha akaanza kuondoa nakala moja moja, na kila aliyoondoa aliielekeza kazi yake kwenye ile moja. Kila akiondoa, Hafidhi aliendesha programu tena, halafu wanajaribu kijiji, wanajaribu mvua. Mara mbili programu iliwaonyesha mahali walipopitiwa, wakarudi. Walipofika kwenye ya Athanas, Janeth alitoka nje. Shamimu aliisoma yote mpaka chini kwanza. Alisema ilikuwa imeandikwa vizuri kwa siku ilipoandikwa. Akaifuta.

Wakaidanganya tarehe kuwa Jumapili, wakaomba usafiri wa Kinole. Simu iliyolia ilikuwa ya Mikaeli. Akapiga kuuliza kama ni kweli au majaribio, akaambiwa majaribio, akasema ameshatoa pikipiki nje bure.

Kwenye kazi Shamimu hakurudi. Mkataba mpya uliwekwa mbele yake, mama yake akausogeza pembeni kwa kidole. Shamimu alichukua kikombe chake rafuni. Janeth akamuuliza aangalie nini, kwa sababu Jumatatu ataletewa vijana wapya wawili na hakuna mwingine wa kuwafundisha. Binti akasimama mlangoni na kumtajia, Janeth akiandika kwa kalamu nene ili abandike ukutani:

Usinakili kazi ya mwenzio kwa sababu unaogopa kuigusa.

Usirekebishe mahali pamoja kabla hujauliza programu ni wapi pengine pako hivyohivyo.

Usiweke sharti ndani ya sharti mpaka ushindwe kulisoma kwa sauti.

Usiache jina la dereva mahali zaidi ya pamoja.

Usinyamazishe onyo. Lirekebishe, au andika sababu na jina lako.

Usimfundishe mtu kubonyeza kitu ili kisimsumbue.

Usimwambie mama usafiri unakuja kabla hujasikia sauti ya dereva.

Usingoje ruhusa ambayo hakuna aliyekwenda kuiomba.

Usikae kwenye kazi ambayo anayetumwa anaandikwa jina, na aliyemtuma haandikwi.